Uliza Ujibiwe: Mlima unaposhuka, uani kunapotitia

Tangu mvua zishike, barua nyingi zinazonifikia ni za aina moja: ufa, tope, shimo. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupima udongo wa barabara na misingi katika mikoa hii yetu, kutoka Iringa hadi Kyela, na sasa nipo Uyole nalima viazi. Nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono. Barua ya kwanza nitakaa nayo kuliko nyingine zote, kwa sababu aliyeiandika hana muda wa kusubiri.

*Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbeya mjini, si mbali na Itezi. Nyumba yetu tuliijenga kwenye mteremko baada ya kuukata kupata kiwanja. Juu ya nyumba, hatua chache tu, umetokea ufa ardhini, kidole kinaingia. Mume wangu ameuziba kwa zege. Mlango wa chumba cha nyuma nao siku hizi haufungi mpaka uusukume kwa bega. Jirani anasema ni udongo tu unakauka. Baada ya tope la mlima kufukia nyumba kule Itezi silali usingizi. Je, tuhame?*

Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho. Usiku wowote ambao mvua inanyesha kwa nguvu, au imenyesha siku kadhaa mfululizo, wewe na watoto msilale humo. Nendeni kwa ndugu, kwa jirani aliye mbali na mteremko huo, kanisani, popote. Hilo halihitaji mtaalamu wala kibali. Mengine tuyazungumze taratibu.

Udongo ukikauka hupasuka, ni kweli, lakini nyufa za ukavu huenda kila upande na kukutana ovyo, na mvua ikija hujifunga zenyewe. Wa kwenu umekuja wakati wa mvua. Uangalie umbo lake. Kama umejikunja mfano wa mwezi mwandamo, ncha zake mbili zikielekea chini kwenye nyumba, basi hapo ndipo kipande cha mlima kinapoanza kuachana na mwenzake. Na mlango usiofunga unasema hayohayo kwa upande wa chini: fremu imepindika kwa sababu msingi umesogea. Mlango na ufa vikianza msimu mmoja, mimi siviiti bahati mbaya mbili.

Kwa nini mlima uliosimama miaka yote uamue kushuka sasa? Udongo wa mteremko haushikiliwi na gundi. Punje zake zimebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi: hakuna anayeanguka kwa sababu kila mmoja amembana mwenzake. Mvua inapoingia, maji hujaza nafasi zilizo kati ya punje na kuanza kuzisukuma zitengane. Kubanana kunapungua. Wakati huohuo uzito unaongezeka. Ukichukua mita moja ya ujazo ya udongo ambao theluthi yake ni nafasi tupu, ukaijaza maji, umeongeza zaidi ya kilo 300. Sasa fikiria kilima kizima. Kwa hiyo nguvu inayovuta chini imekua na nguvu inayoshikilia imepungua, tena kwa maji yaleyale. Ndiyo maana mvua moja kubwa mwanzoni mwa msimu mara nyingi haileti kitu, ila mvua ya kawaida tu ya mwezi Aprili, ikikuta ardhi imekwisha kushiba, inaleta msiba. Na ndiyo maana mlima unaweza kushuka siku ambayo jua limetoka: maji yaliyoingia juu bado yanatembea ndani.

Aprili 2024 ndivyo ilivyokuwa. Msimu ulikuwa umenyesha sana, kisha tope la Mlima Kawetere likashuka Itezi, likafukia nyumba na majengo ya shule. Watu walitoka salama, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu kila siku, kwa maana tope la namna ile halikupi nafasi ya kurudi kuchukua godoro.

Mteremko wenu mmeukata chini, na hapo ndipo penye jambo zito. Mguu wa kilima ndio unaobeba sehemu ya juu. Ukiuondoa ili upate kiwanja, umeondoa kizuizi, halafu ule udongo uliochimba ukaumwaga upande wa mbele kutanua uwanja, nao haujashindiliwa. Nyumba inakaa nusu kwenye ardhi asilia, nusu kwenye kifusi. Nimezikagua nyumba nyingi za hivyo, na nyufa za ukutani karibu zote hupita palepale udongo wa aina mbili unapokutana.

Ya kufanya. Zege lile liondoeni. Ufa utaendelea kufunguka pembeni yake, nanyi hamtauona. Uzibeni kwa udongo wa mfinyanzi, mkiushindilia vizuri, ili maji ya mvua yasipate mlango wa kuingilia. Kisha pigeni vigingi viwili vya chuma au mti mgumu, kimoja juu ya ufa na kimoja chini yake, mpime umbali kati yake kwa futi kamba kila asubuhi, na muandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukiona namba inakua, hata kwa upana wa kucha kwa siku, hamtakiwi kusubiri usiku wa mvua. Hameni. Daftari hilo litasaidia pia mtakapokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri, kwa sababu malalamiko ya mdomo hupotea na namba hazipotei.

Juu ya ufa, chimbeni mfereji wa kukinga maji na kuyapeleka pembeni, na mfereji huo usakafiwe, maana mfereji wa udongo mtupu unakunywa maji na kuyapeleka hukohuko mnakoyakimbia. Marehemu baba yangu kule Rungwe alichimba mfereji wa juu kwanza, msingi wa nyumba baadaye. Wengi wetu tunafanya kinyume, tena mfereji unakuja baada ya maji kuingia sebuleni. Angalieni vilevile karo la choo la jirani wa juu yenu. Karo linalovuja linanyeshea mteremko kiangazi na masika.

Fundi atawaambia mjenge ukuta wa mawe kushikilia mlima. Ukuta ni mzuri kama nyuma yake kuna kokoto na mwilini mwake kuna matundu ya kutolea maji, yamepangwa kwa safu. Niliwahi kuona ukuta mrefu, mpana, uliojengwa kwa gharama kubwa, bila tundu hata moja. Maji yalijikusanya nyuma yake msimu mzima mpaka yakausukuma wote mzima ukalala uwanjani. Mwenye nyumba alilaumu saruji. Saruji haikuwa na kosa.

Kuhama moja kwa moja ni uamuzi wenu na mhandisi akishauona mteremko. Ila barua hii usiisome peke yako, mpe na mumeo aisome leo.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Rungwe. Babu yangu anasema mlima ukishuka ni joka kubwa limetoka ndani kwenda ziwani, na kwamba yeye mwenyewe aliliona likipita alipokuwa mdogo. Shuleni tunaambiwa ni mmomonyoko. Nimwambie nini babu?*

Marahaba. Usimwambie kitu kwanza. Muulize. Muulize lilitoka upande gani, lilipita korongo lipi, lilikuwa na sauti gani, na kabla halijatoka mto ulikuwaje. Andika kila neno.

Mimi siamini kuwa ndani ya mlima mna joka. Lakini babu yako hakukudanganya kuhusu alichokiona. Maporomoko ya tope hutoka juu kwenye tundu lenye umbo la bakuli, mara nyingi maji yakibubujika palepale, hujipinda kufuata korongo, hunguruma kwa mawe yanayogongana, hunuka udongo mbichi na miti iliyovunjika, na huacha njia iliyochubuka hadi mtoni. Mtu aliyeona hayo usiku kwa mwanga wa radi alihitaji jina la kuyaita. Na maelezo yake yana faida kuliko ramani nyingi, kwa sababu tope hupenda kurudi katika njia iliyopita zamani. Ile sehemu tambarare nzuri yenye rutuba kwenye mdomo wa korongo, ambayo watu huigombania kwa kujenga, imetengenezwa na tope la nyuma. Kama babu anajua joka lilipopita, usijenge hapo.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 wakafa. Hanang ni volkano ya zamani iliyolala, na wengi walidhani imeamka. Haikuwa hivyo. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba. Rungwe nayo ni volkano, na ardhi yenu imepangwa kwa matabaka: majivu, mawe mepesi yale tunayosugulia visigino, kisha tabaka la udongo mzito lisilopitisha maji. Mvua ya Tukuyu ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hupita haraka kwenye mawe mepesi, yakifika kwenye udongo mzito yanasimama, na hapo juu ya tabaka hilo ndipo mteremko huteleza.

Muulize babu hasa juu ya mto. Kijito kikipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, au kikigeuka rangi ya chai ya maziwa bila sababu, huko juu kuna kitu kimeziba. Watu wakiona hivyo huenda kutazama. Msiende kutazama. Ondokeni bondeni, na mkimbilie pembeni kupanda ukingo, kwa sababu anayekimbia kufuata bonde kwenda chini anashindana na kitu chenye kasi kuliko yeye.

*Mpendwa mwandishi, mimi ni mwalimu, Tukuyu. Uani kwetu ardhi imetitia, limetokea shimo la duara, kina chake kama kimo cha mtu, kuta zimesimama wima. Hatujawahi kuchimba kitu hapo. Majirani wanataka tulijaze taka na udongo tumalize. Je, ni pango la chokaa kama yale tunayoona kwenye taarifa za nje?*

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Taka msitupe. Zungusheni uzio kwanza, mbali kidogo na ukingo, kwa maana shimo la namna hii kwa chini huwa pana kuliko linavyoonekana kwa juu, na mtu anayechungulia huwa amesimama juu ya dari.

Mashimo ya kutitia ni ya namna tatu, na dawa zake si moja. Ya kwanza ni ya chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ukaa kutoka angani na kwenye udongo, yakawa na uchachu mdogo sana, na kwa maelfu ya miaka uchachu huo huyeyusha mwamba wa chokaa kidogo kidogo, ukaacha mapango. Siku moja dari inachoka. Mkoani kwetu chokaa ipo upande wa Songwe, ile iliyoachwa na chemchemi za maji moto, ndiyo yenye mapango ya popo na ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji. Anayejenga huko ana haki ya kuuliza swali lako. Tukuyu sivyo. Chini yenu ni volkano tupu.

Ya pili ni mashimo tuliyochimba wenyewe tukasahau. Choo cha babu aliyeuza kiwanja, kilichofunikwa kwa magogo na udongo, magogo yakaoza. Chunya ni mashimo ya wachimba dhahabu, mengine tangu enzi za ukoloni. Unasema hamjachimba, lakini waulizeni waliokuwapo kabla yenu.

Ya tatu ndiyo ninayoihofia kwenu, na huku kwetu haizungumzwi sana. Maji yakipata njia ndani ya majivu na mawe mepesi, hayahitaji kuyeyusha kitu. Yanachukua punje moja moja na kuondoka nazo mpaka yanatoboa mfereji chini kwa chini. Juu nyasi zinaota, watoto wanacheza, chini hakuna kitu. Jijini Guatemala, mwishoni mwa Mei 2010, baada ya mvua za tufani iliyoitwa Agatha, shimo la upana wa mita kama 20 lilifunguka na kumeza jengo la kiwanda la ghorofa tatu. Mwaka 2007 jingine lilikuwa limefunguka katika jiji hilohilo. Chini ya jiji lile hakuna chokaa. Ni majivu na mawe mepesi ya volkano, kama ya Rungwe, na wataalamu walinyooshea kidole maji ya mvua na mabomba ya maji machafu yaliyovuja.

Kwa hiyo kabla ya kujaza, tafuteni maji. Kuna bomba linapita hapo? Funga koki zote za nyumba usiku, tazama mita, na asubuhi itazame tena. Kama imesogea, bomba linavuja. Maji ya paa yanamwagika wapi? Karo liko umbali gani? Na kwa chini, kwenye ukingo wa bonde, kuna mahali maji yanatoka na mchanga? Mkishapata chanzo na kukiondoa, ndipo mjaze, na mpangilio wake ni huu: mawe makubwa chini kabisa, juu yake mawe madogo, kisha kokoto, kisha mchanga, na mwisho udongo mzito ulioshindiliwa na kuinuliwa kidogo ili maji yasituame. Kwa mpangilio huo maji yanayopita chini hayawezi kubeba kilicho juu. Udongo na taka vikitupwa tu, mwakani mtakuwa na shimo lilelile pamoja na harufu. Na kama ukingo uko karibu na ukuta wa nyumba au wa darasa, mwiteni mhandisi wa halmashauri kabla ya kugusa chochote. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyopo Dodoma nayo inashughulika na majanga ya namna hii, na barua ya mkurugenzi wa halmashauri inafika huko.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Iringa. Tulisikia kwamba Kenya ardhi ilipasuka na Afrika inagawanyika. Je, Mbeya itapasuka pia? Shikamoo.*

Marahaba, swali zuri. Machi 2018, karibu na Suswa, ufa mkubwa ulikata barabara inayotoka Mai Mahiu kwenda Narok. Afrika inatengana kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, na hakuna barabara inayokatika kwa asubuhi moja kwa mwendo huo. Wanajiolojia wengi walioutazama waliona kazi ya mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkano kutoka kwenye mfereji wa chini, sawa na nilivyomweleza mwalimu wa Tukuyu.

Mbeya imekaa mahali pa pekee: matawi matatu ya bonde la ufa yanakutana hapa, la Rukwa, la Nyasa na la Usangu. Desemba 13, 1910, upande wa Rukwa lilipiga tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Tetemeko la namna hiyo linaweza kuangusha miteremko mingi kwa dakika moja. Lakini mchango wa kila siku wa bonde la ufa ni huu: limetupatia ngema na milima mikali, kisha mvua na sisi tunaishughulikia.

*Nimevuna mipaina yangu yote ekari mbili juu ya kijiji, Mufindi. Msimu umepita salama. Naweza kuacha wazi nilime mahindi?*

Usiache wazi. Msimu wa kwanza visiki bado vina mizizi hai au migumu, inashikilia udongo kama zamani. Mizizi huoza taratibu, na hatari huwa kubwa miaka kadhaa baada ya kukata, wakati mwenye shamba ameshasahau kulikuwa na miti. Kama mteremko ni mkali, rudishia miti sasa ili mizizi mipya ikue kabla ya ile ya zamani kwisha, na kati yake panda mabingobingo kwa mistari inayokata mteremko. Mahindi peleka kwenye sehemu tambarare. Na visiki usiving'oe kwa ajili ya kuni, tafadhali.

*Dereva wa lori, njia ya Tunduma. Kwenye mlima wa Kitonga wakati wa mvua naangalia nini?*

Angalia upande wa mlima, usiangalie bonde tu. Mawe madogo yaliyoanguka sasa hivi, yenye rangi mbichi na udongo bado umeyashika, yametangulia makubwa. Maji ya matope yakitoka katikati ya ukuta wa mwamba mahali ambapo jana palikuwa pakavu, usisimame chini yake hata kama foleni imekwama. Acha nafasi, baki nyuma, na umwashie taa anayekufuata. Ikiwa gari limeharibika hapohapo, weka vizuizi vya magurudumu, mshuke wewe na utingo, na msubiri mahali ambapo juu yenu hakuna ukuta uliokatwa. Mzigo una mwenyewe, nao unaweza kusubiri hapo mpaka kuche.